Sijui, Twende Tukaulize: Maisha ya Mama Huruma wa Mkomaindo

Marehemu Yuliana Optatus Chinguile, ambaye huku Mnyambe wengi walimwita dada na kule Masasi walimwita Mama Huruma, alizaliwa hapahapa Mnyambe, wilaya ya Newala, tarehe 14 Machi 1958. Cheti cha ubatizo ndicho kinachosema hivyo. Kaka yake mkubwa, Mzee Nikolao, anasema cheti kimekosea, kwamba Yuliana alizaliwa mwaka nguruwe pori walipomaliza mihogo ya kijiji kizima, na mwaka huo haukuwa huo. Familia imebishana juzi kutwa bila kufika popote, mwisho ikaona ifuate cheti. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Optatus Chinguile na mkewe Melania, wakulima wa korosho na mihogo, wote wametangulia mbele ya haki.

Wenye programu ya mazishi mikononi wasihangaike kufuatilia mstari kwa mstari. Kilichochapwa kilipelekwa Masasi Alhamisi, na tangu Alhamisi mambo yamegeuka. Linalonong'onwa huko nyuma nalo limesikika: kwamba Oliva, mke wa Chrispin, mkwe wa marehemu, ameondoka msibani maiti ikiwa ndani ya nyumba, na mtani akamfuata amejifunga khanga ya marehemu. Ni kweli. Ameondoka amembeba Glory, binti yake wa miaka miwili, na wako hospitalini Newala. Kama alifanya vyema au alivunja heshima, jana hata wenye msiba walikuwa hawajui, walikuwa wanatazamana tu. Lakini jambo hilo halielezeki kabla ya kueleza Mama Huruma alikuwa mtu wa namna gani, kwa hiyo tuvumiliane.

Yuliana alisoma shule ya msingi huku huku juu uwandani kuanzia 1967 na kumaliza darasa la saba mwaka 1973. Enzi hizo maji yalifuatwa bondeni, watoto wa kike wakishuka na kupanda na ndoo kabla ya kengele, kwa hiyo alifika darasani kashachoka. Waliosoma naye wanamkumbuka kwa jambo moja. Mwalimu akiuliza swali gumu, darasa zima lilibahatisha, huyu anasema kumi na nne, yule arobaini. Yuliana alisimama akasema, "Sijui, mwalimu." Siku moja mwalimu akamuuliza kwa nini naye asikisie kama wenzake, huenda akapata. Akajibu, "Nikipata bado nitakuwa sijui." Mwalimu alicheka, halafu akakumbuka kuwa yeye ni mwalimu, akamwambia akae.

Tarehe 6 Oktoba 1979 alifunga ndoa na Barnaba Nandonde, fundi mwashi wa Masasi, mtoto wa ukoo wa Kianglikana uliokaa chini ya milima ile tangu zamani za misheni. Barnaba alikuwa amepanda Newala kujenga kuta, akamwona binti anapita na ndoo, akatangaza kwamba ukuta huo hautakwisha haraka. Marehemu Barnaba mwenyewe alipenda kusimulia kwamba siku alipomuuliza kama anampenda, Yuliana alisema, "Sijui. Kawaulize wajomba zangu." Barnaba akaenda kwa wajomba. Wajomba nao hawakujua, wakala kuku wake wakafikiri, ndipo wakakubali.

Februari 1981 alizaliwa mtoto wao wa kwanza, Huruma, na tangu siku hiyo Yuliana akawa Mama Huruma. Agosti 1983, Huruma akiwa na miaka miwili na nusu, alishikwa na homa. Siku ya kwanza alilia kutwa nzima. Walimpa dawa ya dukani, wakamkanda kwa kitambaa cha maji. Shangazi mmoja alisema ni magego yanaota. Nikolao, ambaye ndiye mjomba mtu na neno lake lilikuwa neno, alisema meno hayapelekwi hospitali, wasubiri kupambazuke. Yuliana alikuwa bado anaishi hapa Mnyambe kwa wazazi wake, na Barnaba alikuwa kazini Masasi. Yuliana alikaa mkekani akimtazama mwanawe usoni, akitafuta pale homa ya kawaida inapoishia na nyingine inapoanzia, na asipaone. Kukapambazuka. Mtoto akanyamaza. Hakulia tena, hakutaka maji, hakutaka uji, alilala tu, na ukimwinua shingo inalegea. Na hapo, jamani, nyumba nzima ikashusha pumzi. Ametulia, wakasema. Homa imemwachia. Ming'oko, viazi pori vya huku, ikachemshwa, watu wakala kwa raha.

Mchana huo akapita Mujibu, kijana wa jirani, ambaye ukoo wake na ukoo wa akina Chinguile ni watani tangu mababu. Akachungulia mkekani, akasema, "Mtoto huyu apelekwe hospitali. Au mnataka nikalete jembe kabisa?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Yuliana naye akacheka. Mtani kazi yake ndiyo hiyo, kuingia kwako na jembe mdomoni. Mujibu akasema, "Sitanii." Wakazidi kucheka, maana mtani gani asiyesema hivyo? Huruma alikata roho jua likiwa bado liko juu. Mujibu ndiye aliyechimba kaburi, na siku hiyo hakutania wala hakudai chochote.

Yuliana hakumlaumu mtu. Alichanganyikiwa tu, na aliwahi kumwambia mwanawe Stella kwamba kuchanganyikiwa kule hakukumtoka kamwe. Mtoto alipolia walidhani ndiyo ugonjwa, aliponyamaza wakadhani ndiyo nafuu. Watu wazima wenye heshima zao walisema mchezo, na mtu wa mchezo ndiye aliyesema kweli. Sasa mtu ashike lipi? Aligeuza na kugeuza, asipate pa kushika.

Mwaka 1985 akamwambia mumewe kwamba hatazaa tena akiwa mbali na hospitali. "Mimi kujua siwezi," alisema. "Basi nikae mlangoni kwa wanaojua." Barnaba alidhani ni majonzi, yatapita. Hayakupita. Wakahama, wakapanga chumba Mkomaindo, mjini Masasi, kando ya hospitali, mahali ambapo mtu akipiga kelele nyumbani anasikika wodini. Hapo wakazaliwa Chrispin mwaka 1986, Stella 1989 na Joel 1993. Majirani wapya walipomsikia anaitwa Mama Huruma waliuliza huyo Huruma yuko wapi, amesafiri? Watu wakamshauri akubali kuitwa Mama Chrispin, yaishe. Alikataa. "Chrispin hakunifanya mama," alisema, "alinikuta nishakuwa." Chrispin mwenyewe alikua akidhani ana kaka anayesoma mbali, hadi siku alipopandishwa Mnyambe kuonyeshwa kaburi.

Kazi yake kwa miaka yote hiyo ilikuwa kuuza uji na vitumbua jirani na hospitali, na msimu wa korosho alipanda uwandani kuwasaidia ndugu zake kuokota. Akina mama waliotelemka na watoto wagonjwa kutoka Newala na vijiji vyake walipita kwake kwanza. Wengine walikuwa wametoka kwao bila uhakika, wana aibu, wanaogopa kuambiwa wamesafiri na mafua. Walimwekea mtoto mapajani, wakamwambia, "Shikamoo mama. Hebu tazama wewe, hii ni ya hospitali au nirudi?" Yeye alimshika mtoto, akamgeuza, akamsikiliza pumzi, akamtazama macho. Mwanamke wa watu anasubiri hukumu. Halafu Mama Huruma anasema, "Sijui. Twende tukaulize." Anaacha kikaango motoni, anambeba mtoto, wanavuka barabara wote wawili. Vitumbua vilivyoungua kwa njia hiyo havina idadi, na wateja wake walishazoea kuvila hivyo hivyo.

Watu hawakumwelewa. Waliona haiwezekani mtu ashinde na watoto wagonjwa miaka na miaka halafu hajui. Ikaaminika kwamba anajua ila anaficha. Mmoja wa wateja wake alisema siri ni nyayo, kwamba anazigusa nyayo. Mwingine akabisha, si nyayo, ni utosi. Wa tatu aliapa kwamba humpitishia mtoto kijiko cha uji mbele ya macho, akikifuata anarudishwa nyumbani. Hata juzi, familia ilipokaa kukusanya habari hizi, wanawake watatu walikaribia kugombana hapo uani juu ya nyayo na utosi. Mwenyewe akiulizwa alicheka. "Nilikuwa namtazama tu mtoto wa watu," alisema. Na kweli mara nyingi yalikuwa mafua. Wauguzi wakamzoea, wakawa wanamtania, "Mama Huruma, leo umetuletea makamasi ya nani?" Naye hakuwaachia: "Ya kwenu yamewashinda, ndiyo maana nawaletea mengine."

Oliva aliolewa na Chrispin mwaka 2016. Huyu ni mwanamke wa kusoma, ana kidato cha nne chake, na alipopata mtoto wa kwanza alikuwa na hamu ya kujua kila kitu barabara. Siku moja alimfuata mama mkwe wake kwenye meko, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Naomba unifundishe."

"Marahaba. Nikufundishe vitumbua?"

"Kujua. Mtoto akiumwa, nijuaje kwamba hii sasa si ya nyumbani?"

Mama Huruma akaweka mwiko chini. "Mwanangu, madaktari wamenitajia chache, nami nakupa kama nilivyopewa. Akikataa kunywa kabisa. Akitapika kila unachompa. Degedege. Kifua kikibonyea anapovuta pumzi. Akilegea, unamwamsha haamki sawasawa. Mojawapo tu ya hizo, usikae kuuliza mtu nyumbani, beba mtoto nenda. Zilizobaki mimi sijui."

"Sasa hizo zilizobaki nifanyeje?"

"Nenda kaulize."

"Nikifika wakaniambia hana kitu, wakanicheka?"

"Watakucheka, ndiyo. Si utarudi na mtoto wako?"

Oliva aliondoka pale hajaridhika. Alitaka kupewa kitu cha kushika mkononi, akapewa hicho.

Barnaba alifariki dunia mwaka 2011. Mama Huruma aliendelea na meko yake mpaka Machi mwaka huu, alipoanza kusumbuliwa na kichwa na ganzi ya mkono wa kushoto. Na hapa ndipo alipowashangaza wote. Mtu aliyevusha watoto wa wenzake barabara ile kwa kikohozi, yeye mwenyewe hakuvuka. Stella akimsihi alijibu, "Mimi mtu mzima, naweza kusema panaponiuma. Mtoto ndiye hawezi." Lakini hakusema. Tarehe 28 Mei alianguka karibu na meko, akapelekwa hospitali, ikaonekana presha ilikuwa imepanda muda mrefu na amepata kiharusi. Alihudumiwa kwa moyo, wauguzi waliomtania ndio waliomgeuza kitandani, na familia inawashukuru. Alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025 asubuhi. Alikuwa ameagiza alazwe huku juu, kwa mama yake, ubavuni mwa Huruma, ndiyo maana Alhamisi aliletwa Mnyambe.

Sasa habari ya jana. Glory, ambaye jina lake la ubatizo ni Yuliana, somo wa bibi yake, alianza kuchemka Alhamisi jioni walipofika. Wanawake wa ndani wakasema si ugonjwa, mtoto anaagana na somo wake. Udongo ukishashuka na homa itashuka. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Wengi wetu tumelelewa na maneno hayo. Oliva alimpa dawa ya kushusha homa, ikatapikwa. Akampa maji kwa kijiko, yakarudi. Ijumaa asubuhi Glory alikuwa hataki tena hata kijiko, ametulia mgongoni mwa mama yake, na wanawake wakasema mmeona, anapoa. Oliva alisikia neno hilo. Zile dalili alizotajiwa anazijua kwa moyo. Lakini zile aliambiwa Masasi, hospitali iko ng'ambo ya barabara, na hapa ni Mnyambe, mwenye kumwambia amelala ndani ya sanduku, baridi na ukungu nje, na mkwe hatoki nje ya ua maiti ikiwa ndani. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini akaulizwa jina lake. Alimtazama Chrispin. Chrispin alimtazama mjomba. Mjomba alitazama chini.

Ndipo akaingia Mujibu na watani wenzake. Ni mzee sasa, ndevu nyeupe, lakini utani hauzeeki. Alikuwa amejivika kilemba cha marehemu na kujifunga khanga yake, begi lake begani, anatembea kwa ule mwendo wa haraka wa Mama Huruma wa kusogeza bega moja mbele. Alivyomfanana, loo! Watu waliokuwa wanalia walianza kucheka huku wanalia. Akaita kwa sauti yake ile ile, "Nani ana mtoto mgonjwa hapa? Mimi sijui, twende tukaulize!" Uwanja ukalipuka. Akamwendea Oliva, akamchukua Glory, akamlaza mapajani kama alivyokuwa akifanya marehemu, akamgeuza. Kichwa cha mtoto kikaangukia mkono wake.

Watu wakasubiri kichekesho.

"Oliva," akasema, "mtoto huyu aende hospitali sasa hivi."

Wakacheka. Mama mmoja akapiga makofi, "Mujibu, leo umempatia mwenyewe!"

"Sitanii," akasema Mujibu.

Wakacheka zaidi. Akavua kilemba akakitupa chini, wakaona ni sehemu ya mchezo. Machozi yakaanza kumtoka, na hapo wengine walicheka, wengine wakaacha, wengine wakawa wanawatazama wenzao wajue wafanye lipi. Oliva alisimama katikati ya watu wote hao, hajui anayezungumza ni nani: ni mtani, ni mama mkwe, au ni mzee tu aliyechoka.

"Baba Mujibu," akauliza, "unatania au hutanii?"

"Mwanangu, safari ile sikutania," akasema mzee, "na wote walicheka. Hata mama mkwe wako alicheka. Usinisikilize mimi. Msikilize mtoto anavyohema."

Oliva akaweka sikio kifuani kwa mwanawe. Halafu akamfunga mgongoni. Mzee Nikolao akanyanyuka kwenye kiti chake, akamwambia, "Mkwe, unakwenda wapi na maiti iko ndani?"

"Nisamehe, mjomba," akasema Oliva. "Sijui kama nakosea. Naenda kuuliza."

Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyemwambia nenda. Alitoka uani, akapanda bodaboda ya kwanza aliyoikuta barabarani, na Mujibu akaparamia nyuma yake kumshikilia mtoto asiyumbe, khanga ya marehemu bado kiunoni. Wanasema njia nzima mpaka Newala watu walikuwa wanamwonyesha kidole mzee huyo na kucheka. Ndiyo maana leo hayupo kuongoza watani, na wachimbaji wamechimba bila kusumbuliwa na mtu. Waliobaki hapa walilala na maneno mawili mdomoni, wengine wakisema Oliva amemdharau marehemu, wengine wakisema ndiye pekee aliyemheshimu, na wengi, tuseme ukweli, wakibadilisha upande kila saa.

Marehemu ameacha watoto watatu: Chrispin, Stella na Joel. Ameacha kaka, Mzee Nikolao. Ameacha wakwe wawili, Oliva na Yuster. Ameacha wajukuu watano: Pendo, Marko, Optatus, Julia na Glory. Ni watano. Wengine mmeuliza mbona msomaji alichelewa kusimama. Ni kwamba mtandao ulikuwa unasumbua, na familia ilikataa wasifu huu usomwe mbele ya jeneza kabla simu ya Newala haijapatikana, isije ikatajwa hesabu ya uongo. Imepatikana. Daktari amesema ni malaria kali, na damu imepungua mno. Ameongezewa usiku, amefungua macho, amemjua mama yake. Daktari hakuahidi zaidi ya hapo. Amesema angeletwa leo baada ya mazishi asingewahiwa.

Damu nyingine inahitajika leo. Gari lililoleta mwili litaondoka hapa mara tu udongo wa mwisho utakaposhuka, kabla ya chakula, na wenye afya na nia ya kuchangia wanaombwa wapande. Mzee Nikolao ameshasema kiti cha mbele ni chake. Stella alimweleza kwa heshima kwamba kwa umri wake hawatamtoa damu. Mzee akafuta macho, akasema basi atakwenda kumpigia magoti mkwe wake.

Mwenyezi Mungu ampokee Mama Huruma, apumzike kwa amani, na gari lisichelewe kuondoka.